Tangi Chini ya Kiti: Mwongozo Kamili wa Usalama wa Tangi la Mafuta Katika Magari ya Zamani ya Jeshi

Anayenunua gari la zamani la jeshi huanza na injini. Atafungua boneti, atasikiliza mlio, ataulizia gia na difu, atalala chini kuangalia chasisi. Tangi la mafuta atalikumbuka siku harufu ya petroli itakapomfuata mpaka chumbani. Nami nilianza hivyo hivyo, na leo mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na tangi, hata kama injini haijawahi kuwaka tangu alinunue gari.

Sababu ni mahali lilipo. Kwenye Willys MB na Ford GPW, zile Jeep za mwaka 1941 hadi 1945, tangi la galoni 15 za Kimarekani, yaani lita 57 hivi, limelazwa chini ya kiti cha dereva. Kujaza mafuta ni mpaka dereva ashuke na kuinua mto wa kiti. Land Rover Series fupi zina tangi chini ya kiti cha mbele upande wa kulia, na zile zilizotengenezewa jeshi mara nyingi zina matangi mawili, moja chini ya kila kiti cha mbele. UAZ-469 ya Kisovieti nayo ina mawili ya lita 39 kila moja, kulia na kushoto. Katika magari yote haya unaendesha ukiwa umekalia mafuta, na bati linalokutenga nayo lina umri wa miaka hamsini, themanini, pengine zaidi.

Mpangilio huo si kosa la wabunifu. Pale katikati tangi liko mbali na pua na mkia wa gari, na gari linabaki fupi. Lakini hawakulibunia miaka themanini.

Kinachowaka ni mvuke

Petroli ikiwa kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi ukapeperuka. Unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la gereji, unapita chini ya mlango mpaka ukutane na moto ulio mbali, kisha moto unarudi kwa njia ile ile mpaka ulipo wewe.

Ili uwake, mvuke lazima uwe kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Fanya hesabu kwa tangi la lita 60: petroli inayotosha kulifikisha kwenye kiwango cha chini cha kulipuka ni takriban mililita 5. Kijiko kimoja cha chai. Tangi lenye petroli nusu, kwa kawaida, ndani yake mvuke umezidi mno kiasi kwamba hauwezi kuwaka. Tangi ulilomwaga jana, likabaki na unyevunyevu kwenye pembe na chini ya magamba ya kutu, ndilo limeingia katika kipimo kile kile cha kulipuka. Watu wengi hufanya kinyume: wanaliogopa tangi lililojaa, likishakuwa tupu wanalisogelea na mashine ya kuchomelea. Tangi tupu ndilo la kuogopwa.

Wenye dizeli wasijione wamepona. Dizeli haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la nyuzi 55 hivi, ni kweli, lakini moto wa kuchomelea unaipasha ile iliyoganda kwenye bati ikafika huko kwa sekunde chache. Matangi ya dizeli yameua mafundi waliodhani hayana neno.

Hatua ya 1: Pua kabla ya spana

Kabla ya kufungua chochote, jifunze harufu inakuja lini. Kama unaisikia baada ya kujaza tangi pomoni tu, kisha inapotea mafuta yakishuka kufika robo tatu, uvujaji uko juu: gasketi ya floti ya geji (boya linalopima mafuta ndani ya tangi), mpira wa shingo ya kujazia, au bomba la kupumulia. Kama inakuja ukikata kona au ukipanda mlima, bado ni juu, upande ule mafuta yanakoegemea. Harufu isiyoondoka hata tangi likiwa na lita kumi inatoka chini, kwenye mshono, kwenye plagi ya kumwagia au kwenye kitundu cha kutu. Na ile inayokuja dakika kumi baada ya kuzima injini ya moto mara nyingi si ya tangi hata kidogo. Ni kabureta inayochemka, au pampu.

Hapo hapo chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, kiwambo cha pampu ya mafuta kimepasuka na petroli inaingia kwenye injini. Usiwashe tena mpaka ubadilishe pampu na oili.

Hatua ya 2: Mwage mafuta nje, si ndani

Fanya kazi hii uwanjani, penye upepo, mbali na shimo la ukaguzi na mbali na jiko. Injini na ekzosi viwe vimepoa kabisa. Fungua betri, ukianza na waya wa ethi. Hapa kuna mtego: Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi ethi yake ni chanya, si hasi. Fuata waya unaokwenda kwenye bodi, usifuate rangi wala mazoea. Ukianza na mwingine, spana ikagusa bodi, unapata cheche sentimita chache kutoka kwenye tangi.

Taa ya balbu ya kuning'iniza usiilete. Ikianguka na balbu kupasuka, uzi wake wa moto unatosha. Tumia tochi ya LED iliyofungwa vizuri, na uiwashe ukiwa bado mbali.

Pokea mafuta kwa chombo cha chuma chenye mfuniko. Beseni la plastiki halifai, kwa sababu petroli ikitiririka hujenga umeme tuli, na plastiki haiwezi kuupeleka ardhini. Unganisha chombo na tangi kwa waya wenye vibanio kabla ya kufungua plagi. Plagi ikikataa, mpe mafuta ya kulegeza kutu na usiku mzima, kisha tumia spana ya saizi yake hasa. Usiipashe moto. Usiigonge kwa nyundo ya chuma. Ikikataa kabisa, nyonya mafuta kwa pampu ya mkono kupitia shingo. Kunyonya kwa mdomo usifanye hata siku moja: tone likiingia mapafuni linaleta nimonia isiyohitaji kiini cha ugonjwa chochote.

Vaa glavu zinazohimili mafuta. Magari haya yameishi miaka mingi kwenye petroli yenye risasi, na tope lililo chini ya tangi linaweza bado kuwa nayo.

Hatua ya 3: Shusha tangi, ulitazame upande usioonekana

Fungua mipira ya mafuta, waya wa floti, kisha mikanda au bolti zinazoshikilia. Ziba kila tundu mara moja kwa vizibo vya mpira, ili mvuke usitambae na uchafu usiingie.

Matangi haya huoza kutoka nje kwenda ndani mara nyingi sawa na kutoka ndani kwenda nje. Kwenye Jeep tangi limekaa ndani ya bonde la sakafu lenye tundu la kutolea maji. Tundu likizibwa na matope, tangi linaloga kila mvua. Mahali pengine pabaya ni chini ya mikanda, pale palipowekwa vipande vya kitambaa ili bati lisisuguane na chuma. Kitambaa kinanyonya maji na kuyashika pale pale miaka nenda rudi. Tangi langu la kwanza lilikuwa na rangi nyeusi nzuri, inang'aa, na aliyeniuzia alisema limefanyiwa matengenezo. Chini ya mkanda wa nyuma nikakuta kitambaa kilicholowa, laini kama sponji. Nilipokivuta kilitoka pamoja na gamba jeusi lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gamba kulikuwa na puti, na chini ya puti hakukuwa na kitu. Petroli lita hamsini zilikuwa zinazuiliwa na puti na rangi, na mimi nilikuwa nimeketi juu yake kwa miezi miwili.

Tangu siku hiyo sipokei rangi kama ushahidi. Kwangua rangi yote chini ya mikanda na kwenye mishono, kwa kikwangulio cha mkono, bati likiwa limeloweshwa. Usitumie grenda. Usisugue kwa msasa mkavu pia, kwa sababu matangi mengi ya zamani yamepakwa mchanganyiko wa risasi na stani, na vumbi lake ni sumu. Kisha bonyeza kwa ncha ya bisibisi, kwa nguvu ya kidole tu. Bati zima linarudisha sauti kavu. Lililooza linabonyea, au linatoa sauti ya karatasi nene.

Hatua ya 4: Osha

Jaza maji ya moto na sabuni ya kuondoa grisi mpaka yafurike shingoni, ili yausukume mvuke nje. Acha yakae, tikisa, mwaga, rudia. Mara tatu ni chache; mimi hufika tano au sita. Maji hayo yana mafuta na pengine risasi, kwa hiyo yakusanye uyapeleke panapopokewa mafuta machafu. Yasiishie mtaroni.

Kutu iliyobaki ndani unaweza kuilegeza kwa kutia nati ndogo au kipande cha mnyororo na kulitikisa tangi, lakini baada ya kuosha tu, likiwa na maji ndani. Chuma kikavu kikigongana ndani ya tangi lenye mvuke ni kiberiti. Kisha tia maji yenye asidi ya sitriki, uache usiku kucha, suuza, halafu kausha haraka kwa hewa isiyo na moto, maana bati lililo uchi hushika kutu mpya ndani ya saa chache. Hesabu nati ulizoingiza na uhesabu zilizotoka. Ndani kuna kuta zinazozuia mafuta yasipwaye, na nati hupenda kujificha nyuma yake.

Wapo wanaotumia umeme wa chaja ya betri na magadi kuondoa kutu. Njia hiyo inafanya kazi, ila inatoa haidrojeni, gesi inayowaka kirahisi kuliko petroli yenyewe. Ukiichagua, fanyia nje, mifuniko yote wazi, zima chaja ukutani kabla ya kugusa vibanio, wala usitumie chuma cha pua kama nondo ya kati, kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu.

Hatua ya 5: Pima bila kulivimbisha

Hapa ndipo watu wanaharibu matangi mazima. Wanachukua kompresa, wanafungulia kidogo, na tangi linavimba kama mto au linapasuka mshono. Matangi haya yana pande bapa. Chukua upande mmoja wa sentimita 40 kwa 50: kwa presha ya 0.2 bar tu, ambayo geji nyingi za kompresa haziioni, upande huo unasukumwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 400.

Njia ninayoiamini haina kompresa. Ziba matundu yote isipokuwa mawili. Kwenye moja funga pampu ya baiskeli. Kwenye jingine funga mpira mwangavu ulioinama kama herufi U, wenye maji, ncha ya pili ikiwa wazi hewani. Pampu taratibu. Maji yatashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Tofauti ya sentimita 50 kati ya pande mbili ni 0.05 bar, na inatosha. Ukizidisha, maji yanarushwa nje na presha inaondoka yenyewe, kwa hiyo kipimo ni hicho hicho na mlango wa dharura ni huo huo. Paka povu la sabuni kwenye mishono, plagi, shingo na pale palipokuwa na mikanda. Kitundu kidogo kuliko sindano hujaza povu lenye vitone vyeupe vinavyokua polepole. Usiwe na haraka, mpe kila mshono dakika mbili. Kisha acha robo saa uone kama maji yanabaki pale pale.

Fanya hivi kwa tangi lililooshwa tu.

Hatua ya 6: Kurekebisha au kutupa

Kitundu kimoja kwenye bati zima kinazibika. Vitundu vitatu vilivyotawanyika maana yake bati lote limekwisha, na utakavyoviziba leo vitafuatwa na vingine. Mimi ningenunua jipya. Matangi mapya ya Jeep na Land Rover bado yanatengenezwa, na fedha yake si kitu ukilinganisha na unachokikalia.

Kuchomelea au kulehemu kwa moto mpe fundi anayefanya matangi kama kazi yake, mwenye vifaa vya mvuke wa maji au gesi isiyowaka na kipimo cha kugundua mvuke wa petroli. Kulijaza maji na kuacha nafasi ndogo juu hakutoshi kwa mtu asiye na kipimo, maana petroli iliyojificha ndani ya mshono hutoka bati likipata joto. Kujaza moshi wa ekzosi ya gari jingine, kama wengine wanavyofundishana, ni kucheza kamari. Moshi huo unaweza kuwa na hewa ya kutosha kuulisha moto. Mwambie fundi wazi kwamba tangi lilikuwa na petroli, hata kama umeliosha mara kumi na halinuki. Pua huzoea.

Kuhusu rangi za kumiminwa ndani ili zizibe vitundu, nina msimamo mkali kidogo. Zikipakwa juu ya bati safi lililokauka, zinalinda. Zikipakwa juu ya kutu, zinabanduka baada ya mwaka au miwili, hasa kwa petroli yenye ethanoli, na vipande vinakwenda kuziba mdomo wa bomba la kufyonza. Zitumike kulinda tangi zima, zisitumike kulifufua lililokufa.

Ukiwa njiani na kitundu kimeanza kutoa matone, sugua kipande cha sabuni kavu juu yake mpaka kizibe. Petroli haiyeyushi sabuni. Itakufikisha penye usalama, na hapo gari lisimame.

Hatua ya 7: Mipira, mfuniko, floti

Badilisha mipira yote ya mafuta, hata inayoonekana mizima. Mpira wa zamani haukutengenezwa kwa ethanoli. Unavimba, unalainika, kisha unapasuka kwa ndani usione. Tafuta wenye maandishi SAE 30R9. Klipu ziwe za ukanda laini, kwa sababu zile zenye meno zinaukata. Bomba la chuma lipite mbali na ekzosi, na kila linapopenya bati liwe na kola ya mpira. Bomba la shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko na kupasuka bila kuonya. La shaba na nikeli linavumilia zaidi.

Mfuniko ni kifaa, ingawa wengi wanauona kifuniko tu. Ama mfuniko wenyewe una tundu la kupumulia, ama tangi lina bomba lake. Ukiweka mfuniko usiopumua kwenye tangi lisilo na bomba, injini itafyonza mpaka ikose mafuta, na bati linaweza kunywea ndani. Juani inakuwa kinyume: presha inajengeka, na ukifungua, petroli inakurukia kifuani. Ukisikia fyuu ndefu kila unapofungua, njia ya kupumulia imeziba. Baadhi ya magari ya jeshi yana vali ya kufunga njia hiyo yanapovuka maji. Hakikisha haikusahauliwa ikiwa imefungwa. Bomba la kupumulia lipande juu kuliko mfuniko, kisha liishie nje ya bodi, kamwe si chini ya kiti.

Floti ya geji irudi na gasketi mpya. Za gome la koki husinyaa gari likikaa muda mrefu. Kama boya lenyewe ni la koki iliyopakwa vanishi ya shelaki, ethanoli itaivua vanishi na boya litazama. Weka la plastiki au shaba. Waya wake uwe na fyuzi na terminali iliyokazwa, yenye kofia ya mpira.

Hatua ya 8: Kurudisha na kujaza mara ya kwanza

Zibua tundu la bonde la sakafu. Chini ya mikanda weka mpira usionyonya maji badala ya kitambaa. Rudisha ethi ya betri mwisho kabisa, na kama gari halina swichi kuu ya kukata umeme, ifunge sasa, mahali mtu aliye nje anaweza kuifikia. Kizimamoto cha unga cha kilo 2 au zaidi kikae upande wa abiria au karibu na mlango. Nimeviona vingi vimefungwa chini ya kiti cha dereva, juu ya tangi lenyewe, mahali pa kwanza kushika moto.

Usijaze pomoni. Petroli hupanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto: lita 57 zilizotoka kwenye tangi la ardhini la kituo cha mafuta zikiwa baridi, zikipata nyuzi 20 zaidi juani, zinatafuta nafasi ya lita moja na zaidi. Isipokuwepo nafasi hiyo, zitatoka kwenye mfuniko, na mfuniko uko chini yako. Unapojaza, zima injini, shusha kila aliyemo, na mdomo wa bomba uguse shingo ya tangi muda wote.

Jerikeni la lita 20, lile lililobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930, bado ni chombo bora, lakini badilisha gasketi ya mdomo wake na ulijaze likiwa chini ardhini, si likiwa limefungwa nyuma ya gari. Libebe tupu na likiwa limefungwa kama huna safari ya mbali. Likiwa na mafuta nyuma kabisa ya gari, ndilo linalogongwa kwanza.

Anza na lita kumi. Sugua chaki nyeupe juu ya mishono yote, plagi na maungio ya mipira, kisha acha gari usiku mmoja bila kuwasha. Petroli ikipenya hata kidogo, chaki itabadilika rangi na kuacha mstari. Asubuhi ikiwa bado nyeupe, ongeza hadi nusu, endesha kilomita chache kwenye njia mbovu, uangalie tena. Kisha jaza mpaka kipimo chako cha juu, egesha gari likiwa limeinama kushoto, halafu kulia, ili mafuta yaguse gasketi ya floti na shingo. Chaki ikibaki nyeupe pande zote mbili, rudisha mto wa kiti.